Jioni Isiyo na Mbio: Kazi za Nyumbani na Burudani ya Bei ya Daladala

Mzazi wa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na kulala Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto hasumbuliwi na pesa peke yake. Kinachomvuruga ni ile jioni ya kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku. Humo ndani kuna foleni, kuna genge la kupitia, kuna mboga ya kubandika, kuna mtoto mwenye zoezi la hesabu, kuna shati la kesho ambalo bado lina wino mfukoni, na kuna mdogo anayesinzia kabla hajala. Ukifika umechoka ukakuta maharage bado makavu kwenye mfuko, unaagiza chipsi mayai za watu watano, na hapo hela ya mboga ya siku tatu imekwenda kwa mlo mmoja.

Kwa hiyo hapa hatuanzi na kubana matumizi. Tunaanza na kuziondoa kazi kwenye jioni. Kila kinachoweza kufanyika Jumamosi, Jumapili au alfajiri kihamie huko, ili jioni ibaki na mambo mawili tu: kula na kukaa na watoto. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakoishi. Wa Mwanza au Bujumbura abadilishe majina ya vituo, na sehemu ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, airuke.

Hatua ya 1: Andika jioni zako

Bandika karatasi ukutani jikoni. Jumatatu hadi Ijumaa, kila kazi inayofanywa baada ya saa kumi na mbili jioni iandikwe, hata ndogo: kutafuta soksi, kumenya vitunguu, kwenda dukani kununua luku (umeme wa kulipia kabla). Ijumaa usiku isome. Kazi inayojirudia kila siku na haitegemei siku yenyewe, kama kukaanga vitunguu na nyanya au kupiga pasi, ihamishie mwisho wa wiki. Inayoweza kufanywa na mtoto mpe mtoto. Usiende hatua ya pili bila karatasi hii, kwa sababu kila nyumba ina donda lake. Kuna nyumba inayomalizwa na mapishi, na kuna nyingine ambayo kila asubuhi ni kutafuta kiatu cha kushoto.

Hatua ya 2: Maharage ya wiki

Maharage yanaokoa nyumba nyingi, lakini pia yanakula gesi na mkaa kuliko mboga zote yakipikwa ovyo. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inapita kilo mbili. Ukiongeza mboga ya majani pembeni, hiyo ni milo mitatu hadi minne ya watu watano. Pika mara moja.

Jumamosi usiku yachambue kwenye ungo penye mwanga wa kutosha. Yaoshe, kisha yaloweke kwenye maji mara tatu ya ujazo wake, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Katika miezi ya joto, jiko la Dar linaweza kuyachachusha kabla hakujakucha, kwa hiyo mwenye nafasi kwenye friji aliweke bakuli humo.

Asubuhi mwaga maji yote ya kulowekea. Ndiyo yaliyobeba sehemu ya vile vinavyojaza tumbo gesi. Suuza, weka maji mapya, bandika kwenye moto mkali. Yakianza kutokota, hesabu dakika 10 kamili yakichemka kwa nguvu. Hapa sina mzaha: maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, inayoleta kutapika na kuharisha, na moto hafifu hauiondoi. Mtu anaweza kuyaacha kutwa nzima kwenye joto la chini, yakaonekana laini kabisa, na bado yakamuumiza.

Baada ya hapo una njia tatu. Presha kuka huyamaliza kwa dakika 20 hadi 25. Jiko la kawaida huchukua kama saa nzima. Njia ninayoipenda mimi ni kapu, kwa sababu haili gesi na haihitaji mtu wa kusimama jikoni.

Chukua kapu kubwa la ukindu, au boksi zito ambalo halijalowana. Tandika blanketi kuukuu chini na pembeni, liwe nene, pasiwe na upenyo. Yaache maharage yachemke dakika 20 nzima badala ya 10, funika sufuria kwa mfuniko unaobana, halafu iipue na kuitumbukiza kwenye kapu bila kufunua. Juu weka mto, ushindilie. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, maana yenye kitu kidogo hupoa upesi. Nenda kanisani, nenda sokoni, kafue. Baada ya muda wa saa 3 hadi 4 utayakuta yameiva. Yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uweke chumvi. Usiyasahau kapuni mpaka yawe vuguvugu, kwani bakteria hupenda joto la namna hiyo.

Wengine hutia magadi ili yalainike haraka. Ni kweli yanalainika, ila magadi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni yakizidi. Aliyeloweka usiku hana haja nayo.

Sasa yapoze haraka. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga, kisha gawa kwenye makopo yenye mifuniko; yale ya siagi na aiskrimu yanafaa sana. Yote yaingie kwenye baridi kabla hayajamaliza saa mbili tangu yaipuliwe. Makopo mawili ya mwanzo wa wiki yakae kwenye friji, na yaliwe ndani ya siku tatu. Yaliyobaki yaingie kwenye friza. Kopo la friza litoe usiku wa kuamkia siku ya kulitumia, ulishushe kwenye friji liyeyuke polepole. Bandika kipande cha karatasi chenye tarehe. Bila hivyo, mwisho wa mwezi utakuwa na makopo matatu ambayo hakuna anayethubutu kuyafungua.

Maharage yakiwa tayari, kinachofuata ni rosti. Nyanya zikishuka bei, nunua sado moja. Kaanga vitunguu vingi hadi viwe na rangi ya kahawia, tia nyanya, uache zichemke mpaka mafuta yajitenge juu. Usiweke chumvi wala viungo vyovyote, ili rosti hiyohiyo ifae kwenye nyama, dagaa na biringanya. Igawe kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, igandishe ikiwa imelala bapa: hivyo hupangwa kama vitabu na huyeyuka upesi. Kitunguu swaumu na tangawizi visage pamoja, vigandishe kwenye trei la barafu. Ukivichanganya na mafuta usiviache juu ya kabati hata siku moja. Kitunguu swaumu ndani ya mafuta kikikaa kwenye joto la chumba kinaweza kuzalisha sumu isiyo na harufu.

Jumatatu utamwaga rosti kwenye sufuria, utatia maharage, utamalizia na tui la nazi, na chini ya dakika ishirini mboga ipo mezani. Jumatano yaponde kidogo yawe mazito ya kulia chapati. Aliyechemsha na mahindi siku ya Jumapili ana makande ya Alhamisi. Watoto watanung'unika wakijua ni yaleyale, kwa hiyo badilisha kinachoandamana nayo: siku moja tembele, siku nyingine kachumbari yenye pilipili ya kutosha. Majani kama mchicha usiyakate mapema. Yaoshe, yakung'ute, yaviringe kwenye kitambaa kikavu ndani ya friji, yakatwe saa ya kupikwa.

Asiye na friji asijaribu kuweka maharage ya wiki. Kwake siku ya Jumapili ni ya kuandaa vikavu: dagaa waliotolewa vichwa na kukaangwa hadi wakauke, karanga zilizokaangwa na kusagwa, mchele uliochambuliwa, unga uliochekechwa. Maharage yake ayaloweke asubuhi anapotoka na kuyachemsha jioni ya mlo wenyewe, kwa presha kuka kama ipo.

Hatua ya 3: Ujue mtungi wako uko wapi

Gesi ina tabia ya kuisha usiku, ugali ukiwa nusu. Kila Jumamosi mwagia ubavu wa mtungi kikombe cha maji ya moto, kuanzia juu kushuka chini. Subiri sekunde chache, kisha pitisha kiganja taratibu. Sehemu iliyo tupu itakuwa ya joto; pale baridi inapoanza ghafla ndipo gesi ilipofikia, kwa kuwa ndani ya mtungi gesi ni kimiminika na hunyonya joto la maji uliyomwaga. Ukikuta mstari umeshuka karibu na kitako, nunua wiki hiyo, usingoje ikuzimikie.

Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungio na kwenye mpira. Povu likivimba vipovu, inavuja: funga, fungua milango na madirisha, usiguse swichi wala kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi.

Kwa wanaopikia mkaa au kuni, paka sabuni kwa nje ya sufuria kabla ya kuibandika. Masizi yatatoka na maji bila vita.

Hatua ya 4: Nguo za shule na luku

Pasi ni mlaji mkubwa. Pasi ya wati 1,000 ikiwa inachota umeme kwa saa nzima inakula uniti moja. Taa ya LED ya wati 9 inahitaji kuwaka zaidi ya saa 110 ndipo ifikie uniti hiyo. Kwa hiyo anayezima taa kwa hasira huku akipiga pasi shati moja moja kila alfajiri hajaokoa kitu. Kwa walio kwenye daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inauma zaidi.

Fua Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi. Kung'uta kila nguo kabla ya kuanika, na mashati yaanike kwenye hanga. Yaanue yakiwa na unyevu kidogo uyapige pasi yote kwa mkupuo mmoja, ukianza na vitambaa vinavyotaka moto mdogo na kumalizia na pamba. Panga seti tano kamili: shati, kaptura au sketi, soksi. Kama mtoto ana mashati mawili tu, fanya mara mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumatano, lakini si kila siku.

Doa la wino wa kalamu usilisugue. Tandika kitambaa cheupe chini ya doa, lowesha pamba kwa spiriti, gonga gonga kutoka ukingoni kwenda katikati, na uhamishe kitambaa cha chini kila kinapochafuka. Ukisugua unatandaza. Ukitumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini, usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi hazina dirisha la maana.

Karibu na mlango pigilia misumari kwa kimo cha mtoto. Begi linatundikwa hapo likiwa limeshapangwa, viatu chini yake, soksi ndani ya viatu. Hiki ni kitu kidogo, ila ndicho kinachopunguza kelele za saa kumi na moja alfajiri kuliko ushauri wowote ninaoujua.

Hatua ya 5: Gawa kazi, na usimbebeshe mtu mmoja

Mtoto wa miaka minne anaoanisha soksi na kupeleka vijiko mezani. Wa saba anafagia chumba na kumwagilia mimea. Wa kumi anaosha vyombo na kuchambua mchele. Wa kumi na mbili apike wali mkubwa akiwepo. Wa kiume naye yumo, na sioni sababu ya kulijadili hilo.

Nyumba yenye dada wa kazi isidhani kwamba hatua hii haiihusu. Dada aliyeamka saa kumi alfajiri naye anataka jioni yake. Vyombo vya usiku viwe zamu, na jina lake liwemo kwenye zamu mara moja tu kama la mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 6: Maji

Mapipa na ndoo zote zifunikwe, na kila Jumamosi kila pipa lililopungua limwagwe masalia, lisuguliwe kuta kwa brashi, ndipo lijazwe. Mbu wa dengue hutaga kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani, mayai yake hugandamana na ukuta wa chombo, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Dar ilipigwa na dengue mwaka 2014 na tena 2019. Maji ya kunywa yachemshe usiku, yapoe hadi asubuhi kwenye ndoo yenye bomba, si ya kuchota kwa kikombe.

Hatua ya 7: Nusu saa baada ya kula

Sasa jioni imepungukiwa kazi, usiiachie televisheni. Nusu saa baada ya kula simu zote, pamoja na ya baba, ziingie kwenye hotipoti tupu na kufunikwa. Kinachofuata hakitaki hela.

*Drafti ya boksi.* Kata kadibodi ya mraba, sentimita 32 kila upande, uichore miraba 8 kwa 8 ya sentimita 4. Paka kalamu nyeusi mraba mmoja, ruka mmoja. Kusanya vizibo 24 vya soda. Mchezaji mmoja hulaza vizibo vyake 12 chali, mwenzake 12 kifudifudi, hivyo huna haja ya rangi. Kikifika mwisho na kuwa kingi, kipandishie kizibo kingine mgongoni. Mtoto wa miaka saba akifundishwa kwa uvumilivu, baada ya muda si mrefu atakufunga, na ukifungwa usimwachie kwa makusudi mara ya pili. Watoto hujua.

*Bao la trei la mayai.* Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Trei la mayai lina vishimo 30, tano kwa sita, na haliwezi peke yake. Chukua mawili, kata kila moja libaki na vishimo vinne kwa vinne, yaunganishe kwa gundi ubavu kwa ubavu: umepata 32. Kete ni komwe kama ziko, la sivyo maharage makubwa. Anza na bao la kujifunza, ambapo kete zote zimekwisha pangwa mbili mbili shimoni, na namu, ile hatua ya kuingiza kete moja moja kutoka mkononi, iachwe mpaka vidole vijue kusambaza bila kuhesabu kwa sauti. Kama kuna babu anayekaa kijiweni kwenye bao, mwalike. Atafurahi kuliko watoto.

*Umeme ukikatika.* Toka nje na mkeka. "Kitendawili!" "Tega!" Anza na rahisi: "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kuku wangu katagia mibani." Nanasi. Anayeshindwa anaombwa mji, na hapo ongeza sharti moja: haruhusiwi kutaja mji bila kusema unasifika kwa nini. Akisema Tanga atoe mkonge, akisema Kigoma atoe dagaa na migebuka. Kwa namna hiyo mtoto anasoma jiografia bila kushtuka. Mbingu ikiwa safi, watafutieni Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizobanana, na muwape ule usemi wa wakulima: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

*Rede.* Hii ni ya uwanjani, kabla ya giza. Jaza soksi kuukuu matambara, funga fundo: huo ndio mpira. Wawili wanasimama, mmoja kila upande, na wa tatu yuko katikati akiwa na chupa tupu. Wale wawili wanamrushia mpira, naye anakwepa na kuchota mchanga kuujaza chupani. Akipigwa, ametoka. Akiijaza chupa, ameshinda. Mama akikubali kuingia katikati mara moja, mtaa mzima utasogea kuangalia.

Hatua ya 8: Mtoko wa mwisho wa wiki kwa nauli

Mtoko mmoja kila baada ya wiki mbili unatosha. Sheria ni mbili. Chakula kinatoka nyumbani: mihogo ya kuchemsha, mayai, matunda, maji kwenye dumu. Na kitu kimoja tu kinanunuliwa huko, kwa zamu ya mtoto mmoja kuchagua. Zamu hiyo humaliza ugomvi wa "na mimi nataka".

Mji wetu una sehemu nzuri zisizotaka tiketi kubwa. Vuka Magogoni kwenda Kigamboni kwa kivuko, simameni kando mwone meli zinavyoingia bandarini, kisha rudini kwa daladala inayopita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililookotwa Olduvai mwaka 1959 na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Karibu na hapo kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, yenye vivuli vya miti mikubwa na tausi wanaojitembelea. Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali. Mpe kila mtoto kazi ya kutafuta nyumba ya kwao babu au bibi.

Lakini kama ni sehemu moja tu, nenda baharini, na uende kwa kufuata mwezi. Watu wengi hujiendea Coco Beach siku yoyote saa yoyote, halafu wanakuta maji yamejaa hadi ukutani, watoto hawana pa kuchezea. Angalia kalenda. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umeandama, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina hupita mita tatu. Kwa pwani ya Dar, siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne au saa nne na nusu asubuhi na kujaa mnamo saa kumi au kumi na nusu jioni. Kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, familia ikifika saa tatu asubuhi ina saa mbili tatu za kutembea juu ya mchanga na miamba ambayo mchana itakuwa chini ya maji. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Bahari haiendi mbali wala haiji sana.

Kwenye miamba, vaeni ndala zenye kamba au viatu vikuukuu, maana miiba ya urumbu, yule mnyama wa baharini aliye kama mpira wa miiba, haina huruma. Mfundishe mtoto kuchuchumaa kando ya dimbwi lililoachwa na maji na kunyamaza. Kwa dakika moja dimbwi litaonekana halina kitu. Kisha kipande cha jiwe kitatembea, na kumbe ni kaa aliyejihifadhi ndani ya kombe la mwingine. Samaki wadogo wenye rangi ya mchanga watatoka chini ya jani. Pango la pweza hutambulika kwa vipande vya makombe vilivyolundikana mlangoni. Tazameni, msichokonoe. Kombe zenye umbo la koni zisiokotwe kabisa, kwani mnyama wake huchoma na sumu yake ni kali. Nyingine zote zenye mnyama ndani zibaki zilipo.

Maji yakianza kurudi, geukeni hapohapo, msingoje yafike kifundoni. Kwenye tambarare hujaa kwa kupitia mikondo ya pembeni na kukuzunguka kabla hujajua. Kuogelea kuwe baadaye, karibu na ufukwe, mtu mzima mmoja akiwa amesimama ndani ya maji na watoto, si ameketi kivulini.

Ondokeni saa saba mchana, kabla daladala hazijajaa watu wa mtoko wa jioni. Khanga mbili za kubadilishia, mfuko mmoja wa nguo mbichi. Mchanga wa miguuni usiusugue ungali mbichi. Acha miguu ikauke, nyunyiza poda ya mtoto, futa kwa kitambaa kikavu, na utadondoka wote. Fanyeni hivyo kituoni kabla ya kupanda, maana konda akishaona mchanga kwenye siti, nauli ya mtoto iliyokuwa nusu anaweza kuidai nzima.